Mgonjwa Asemaye Huku Ubongo Wake Unapasuliwa

Mtu akiambiwa, katika kijiji kimoja kati ya Kasongo na Kabambare, kwamba ziko hospitali ambamo wagonjwa hufunguliwa fuvu la kichwa hali wako macho, wakihesabu, wakitaja majina ya vitu, pengine hata wakiimba, atasema nini? Wengi watacheka. Wengine watasema ni hadithi ya kutishia watoto. Wachache watauliza kwa huzuni: Je, madaktari hao wamekosa dawa za usingizi, hata wamtese mtu namna hiyo?

Habari hiyo ni ya kweli, wala hakuna mateso ndani yake. Upasuaji huu hufanywa kwa makusudi, katika hospitali zenye dawa na vyombo vyote, na mgonjwa huachwa macho kwa faida yake mwenyewe. Yafaa basi tueleze jinsi unavyofanywa, na hasa kazi ya mtu mmoja asiyetajwa sana, yaani mtaalamu wa usingizi. Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la watu wa mbali tu. Limo ndani yake fundisho ambalo kila baba na kila mama wa Maniema aweza kulitumia nyumbani mwake, siku mtoto aangukapo kutoka juu ya mchikichi au kijana atupwapo na pikipiki. Fundisho lenyewe ni hili: sauti ya mgonjwa ni kipimo cha ubongo wake.

UBONGO WENYEWE HAUUMI

Tuanze na ajabu ya maumbile. Ubongo ndio upokeao habari za maumivu yote ya mwili. Mwiba ukikuchoma mguuni, habari husafiri katika mishipa ya fahamu, hupanda kwa njia ya uti wa mgongo, na kufika katika ubongo, hapo ndipo usemapo, “Naumia.” Lakini ubongo wenyewe hauna vipokeo vya maumivu. Daktari akiugusa, hata akiukata, mgonjwa hasikii uchungu mahali pale.

Uchungu uko njiani. Ngozi ya kichwa imejaa mishipa ya fahamu na ya damu. Kila aliyewahi kupasuka kichwa ajua jinsi damu inavyobubujika. Utando ulioshikamana na mfupa nao huuma. Vivyo hivyo utando mgumu uufunikao ubongo, hasa upande wa chini na karibu na mishipa mikubwa ya damu. Tuseme ni kama nyumba ambayo mlango na kizingiti vyake huuma, lakini chumba cha ndani hakiumi. Awezaye kuutia mlango ganzi ataingia chumbani bila kumwumiza mwenye nyumba.

KWA NINI ASILALE TU?

Msomaji atauliza: Kama dawa za usingizi zipo, kwa nini mgonjwa asilazwe kabisa, aamke kazi ikiwa imekwisha?

Katika upasuaji mwingi wa kichwa ndivyo inavyofanywa, na ni vyema. Lakini mara nyingine uvimbe umekaa jirani kabisa na sehemu ya ubongo inayotawala maneno, au ile inayoendesha mkono na mguu. Tena kuna wagonjwa wa kifafa ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza, na chanzo cha kifafa chao kiko mahali kama hapo. Daktari akikata kidogo mno, ugonjwa hubaki. Akikata zaidi ya kiasi, mtu aliyeingia akisema atatoka bubu, na mkulima aliyeingia na mikono miwili atatoka na mmoja uliolegea.

Wala jicho la daktari peke yake halitoshi kuuonyesha mpaka. Ubongo wote hufanana kwa rangi, na ramani yake si moja kwa watu wote. Huko Seattle, Marekani, Daktari George Ojemann na wenzake walipima wagonjwa 117, wakatoa habari zao mwaka 1989: waliona kwamba mahali pa maneno panatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo kitabu hakiwezi kumwambia mpasuaji mahali pa kusimama. Mwenye kuweza kumwambia ni mgonjwa mwenyewe.

Aliyeisitawisha kazi hii kuliko wengine ni Daktari Wilder Penfield, ambaye chuo chake cha magonjwa ya ubongo kilifunguliwa Montreal, Kanada, mwaka 1934. Yeye aliugusa ubongo wa mgonjwa aliye macho kwa umeme mdogo sana, huku akimsikiliza. Alipogusa mahali fulani, kidole kilichezacheza. Alipogusa pengine, mgonjwa alihisi kama ameguswa mdomoni. Pengine tena mgonjwa aliyekuwa akihesabu alinyamaza ghafula, na umeme ulipoondolewa akaendelea. Kila mahali palipojibu paliwekwa kikaratasi chenye namba, mpaka ramani ya mtu yule mmoja ikakamilika. Ndipo daktari alipojua aingilie wapi, na wapi asithubutu.

Je, faida yake imepimwa? Imepimwa. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya habari za wagonjwa 8,091 waliopasuliwa uvimbe wa ubongo. Kati ya wale ambao ubongo wao haukupimwa kwa umeme wakati wa kupasuliwa, wapata 8 katika kila 100 walibaki na udhaifu mkubwa wa kudumu. Kati ya wale waliopimwa walikuwa 3 tu na kitu.

KAZI YA MTAALAMU WA USINGIZI

Sasa tumtazame yule anayekaa kando ya mgonjwa. Kazi ya kawaida ya mtaalamu wa usingizi ni kumlaza mtu, kumlinda na kumwamsha. Hapa anatakiwa kufanya jambo gumu zaidi: kuondoa uchungu na kuiacha akili, kutuliza hofu bila kuzima sauti.

Vyombo vya kazi hiyo havikupatikana kwa siku moja. Tarehe 16 Oktoba 1846, huko Boston, mgonjwa alivutishwa mvuke wa etha mbele ya watu, akapasuliwa bila kulia. Lakini etha humlaza mtu mzima mzima. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna alionyesha kwamba jicho laweza kutiwa ganzi kwa kokeini, mtu akabaki na akili zake. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lidokaini, dawa ya ganzi ambayo hata leo haikosekani katika hospitali iliyo na chumba cha upasuaji. Hapo njia mbili zikawa wazi: moja ya kumlaza mtu, na moja ya kulaza sehemu tu ya mwili wake.

Kazi huanza siku moja kabla, au zaidi, na huanza kwa maneno. Mtaalamu humwendea mgonjwa kitandani, humweleza kila atakachosikia: mlio wa mashine ikikata mfupa, baridi ya chumba, kulala muda mrefu bila kugeuka. Humwonyesha picha atakazoulizwa. Humwuliza kama hukoroma sana, kama hupata kifafa, kama tumbo lake hutapika upesi. Mtu asiyeweza kutulia, au aliyechanganyikiwa, au asiyetaka, hapasuliwi kwa njia hii. Na asiyetaka halazimishwi. Pasipo mapatano hakuna upasuaji wa namna hii.

Siku ya kazi, mgonjwa hulazwa mahali laini, hufunikwa apate joto, na shuka za upasuaji huinuliwa zisimfunike uso, ili aone watu nao wamwone. Hupewa oksijeni puani. Kisha huchomwa sindano za ganzi mahali maalumu: juu ya nyusi, pembeni mwa jicho, mbele ya sikio, nyuma ya sikio na kisogoni. Hapo ndipo ipitapo mishipa ya fahamu ya ngozi ya kichwa, yapata sita kila upande. Ikitiwa ganzi yote, kichwa kizima huwa kama kimevaa kofia isiyosikia uchungu, kwa muda wa saa kadhaa.

Hata ganzi ina kipimo. Lidokaini tupu haipasi kuzidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtu; ikichanganywa na adrenalini, ambayo hupunguza damu na kuizuia dawa isienee upesi mwilini, yaweza kufika miligramu 7. Ikizidi, mgonjwa huhisi midomo inamwasha, masikio humlia, na mwisho hushikwa na degedege. Kwa sababu hiyo mtu hupimwa uzito kwanza. Mzani ni chombo cha upasuaji sawasawa na kisu.

Wakati wa kufungua mfupa, mahali pengi mgonjwa hupewa usingizi mwepesi kwa dawa zinazoisha upesi, kama propofoli. Mfupa ukishafunguliwa dawa husimamishwa, naye huamka. Ubongo ukishapimwa na uvimbe kuondolewa, hulazwa tena mpaka ngozi ishonwe. Wengine hawamlazi kabisa, humtuliza kidogo tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ketamini, dawa inayosaidia sana hospitali za vijijini kwa kuwa haizuii pumzi kama dawa nyingine, haifai kwa saa ya maswali: mtu aliyepewa ketamini huona ndoto na hajibu sawasawa.

Njia hii ni nyembamba, kuna shimo kila upande. Dawa ikipungua, mgonjwa huumia, damu hupanda kwa nguvu, naye aweza kujitikisa huku kichwa kimebanwa. Dawa ikizidi, hupumua kidogo kidogo. Hewa chafu hujaa katika damu, mishipa ya ubongo hutanuka, na ubongo huvimba mbele ya macho ya mpasuaji. Tena kichwa kimeshikwa na kibanio, hivyo njia ya hewa si rahisi kufikiwa. Na umeme wa kupimia waweza kuamsha kifafa papo hapo. Hapo mpasuaji humwagia ubongo maji safi ya chumvi yaliyo baridi sana, na mara nyingi kifafa hukoma. Hata hivyo katika kila wagonjwa 100 ni 2 hivi tu ambao kazi ya kuwaacha macho hushindikana.

Yuko mtu wa kusema kwamba uchungu ni kitu cha kuvumiliwa, na kwamba kuutafutia dawa ni udhaifu. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII, akiwajibu wataalamu wa usingizi wa Italia, alieleza kwamba Mkristo hafungwi kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba ni halali kuyaondoa kwa dawa. Basi mgonjwa asione haya kusema, “Hapa bado naumia.” Neno hilo humsaidia daktari.

ATAULIZWA KWA LUGHA GANI?

Fikiri sasa mama mmoja wa Kabambare amelala katika chumba cha namna hiyo. Nyumbani alilelewa kwa Kibangubangu. Sokoni na kanisani anasema Kiswahili. Shuleni alijifunza Kifaransa kidogo. Daktari anamwonyesha picha na kumwuliza kwa Kifaransa, “Hii ni nini?” Mama ananyamaza. Je, amenyamaza kwa sababu umeme umegusa mahali pa maneno? Au kwa sababu neno lile la Kifaransa hakulijua tangu zamani?

Tazama hatari iliyopo! Kosa la mwulizaji laweza kuchukuliwa kuwa ugonjwa wa mwulizwa. Na jambo lenyewe ni la ndani zaidi. Mwaka 1978 Daktari Ojemann na mwenzake Harry Whitaker waliandika habari za wagonjwa wenye lugha mbili. Waliona kwamba zipo sehemu za ubongo ambazo umeme ukizigusa lugha zote mbili hukwama, na zipo nyingine ambapo moja hukwama na nyingine huendelea. Maana yake, daktari akipima lugha moja tu, aweza kuiokoa hiyo na kuikata ile nyingine bila kujua.

Kwetu Maniema ya kusini neno hili lina uzito. Kiswahili kililetwa na watu wa pwani, waliojenga Kasongo ikawa mji mkubwa katika miaka ya 1870, wakati wa Tippu Tip. Kikakaa, kikawa Kingwana chetu, lakini hakikuziondoa lugha za wenyeji. Kizimba, Kikusu, Kigenya, Kibangubangu, Kibuyu, zote zingali hai. Mtu wa huku hubeba lugha mbili au tatu kichwani mwake kama abebavyo jina lake na la baba yake. Kuna ambayo kwayo hufanya biashara, na kuna ambayo kwayo humbembeleza mtoto. Akipoteza ya pili, nani atasema kwamba amepona kabisa?

Kwa hiyo upasuaji huu wahitaji mtu anayejua lugha ya mgonjwa, na picha za vitu anavyovijua. Mwonyeshe mtu wa Lualaba mtumbwi na kafi, kinu na mchi, jembe, ndizi, kuku, usimwonyeshe theluji. Muuguzi aliyezaliwa Kabambare, anayeweza kusema na mama yule kwa maneno ya nyumbani, ni wa thamani kama mashine iliyoletwa kwa ndege.

AFRIKA NA FUVU LILILOFUNGULIWA

Wala tusidhani kwamba Afrika ya Mashariki imeanza jana kufungua fuvu la mtu aliye macho. Waabagusii wa Kisii, magharibi ya Kenya, walikuwa na waganga wa kichwa waliorithishana kazi hiyo. Mtu aliyepigwa au kuanguka, kisha akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokwisha, alikwenda kwao. Ndugu zake walimshika. Mganga alipasua ngozi, akakwangua mfupa polepole kwa chuma, akajihadhari sana asiuchane utando unaoufunika ubongo. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi Nairobi katika miaka ya 1950, alichunguza kazi hiyo na kuiandika. Wengi walipona kidonda na kuishi. Waganga hao walijua jambo la kweli, yaani kwamba fuvu laweza kufunguliwa na mtu akaishi. Na mgonjwa alikuwa macho. Lakini alikuwa macho kwa sababu hakukuwa na dawa, na uchungu wake ulikuwa mkali. Hapo ndipo ilipo tofauti: ushujaa wa mgonjwa ni ule ule, ila leo hatakiwi kulipa kwa uchungu.

Katika siku zetu kazi hii imekwisha kuingia Afrika. Mwaka 2007 Daktari Mark Bernstein wa Toronto, pamoja na mwenzake, alitoa habari za wagonjwa 610 aliowapasua uvimbe wakiwa macho. Baadaye yeye na wenzake waliwafundisha madaktari wa Ghana, Nigeria na Indonesia, wakaandika habari zake mwaka 2013. Hoja yao yatupasa tuitafakari. Mtu aliyepasuliwa akiwa macho mara nyingi hahitaji mashine ya kumpumulia, hukaa siku chache hospitalini, na hagombei kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kazi iliyoonekana kuwa ya matajiri yaweza, ikifundishwa vizuri, kuzisaidia nchi zenye vitanda vichache.

Tusijidanganye, lakini. Kupasua uvimbe wa ubongo kwahitaji mabingwa, picha za kichwa za mashine kubwa, na damu ya akiba. Hiyo ni kazi ya hospitali kubwa za mijini. Na upungufu ni mkubwa: mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilitangaza kwamba watu bilioni 5 duniani hawakuweza kuupata upasuaji wa salama na usingizi wa salama kwa wakati wake. Katika hospitali nyingi za vijijini za Kongo, mwenye kutoa usingizi si daktari bali ni muuguzi, naye aghalabu ni mmoja tu, usiku na mchana.

UPASUAJI ULIO KARIBU NASI

Hata hivyo kuna upasuaji mdogo wa ukoo ule ule ambao hospitali ya wilaya yaweza kuufanya, ikiwa ina daktari aliyejifunza. Ni kutoboa tundu katika fuvu ili damu iliyokusanyika ndani itoke. Shirika la Afya Duniani liliutaja katika kitabu chake cha upasuaji kwa hospitali za wilaya, kilichotolewa mwaka 2003. Mara nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi tu, mgonjwa yu macho au ametulizwa kidogo.

Damu hiyo hukusanyika kwa namna mbili, na kila jamaa izijue.

Ya kwanza ni ya haraka. Kijana ameanguka kwa pikipiki katika barabara ya Kabambare, au jiwe limempiga katika shimo la dhahabu huko Namoya. Anazimia kidogo, anaamka, anasema, anaomba maji. Watu wanamshukuru Mungu, wanamwambia apumzike. Baada ya saa chache analala usingizi mzito, anakoroma, na asubuhi amekufa. Nini kimetokea? Mshipa wa damu chini ya mfupa ulipasuka. Damu ilijaa kidogo kidogo ikausonga ubongo. Zile saa alizokuwa akisema zilikuwa saa za kumwokoa.

Ya pili huja polepole, na hupenda wazee. Babu amejigonga kichwa mlangoni. Hakutoka damu, watu wamesahau. Baada ya wiki tatu au nne anaanza kuchanganya majina ya wajukuu, anaburuta mguu, analala mchana kutwa. Wengine husema ni uzee. Wengine husema amerogwa, na hapo jirani asiye na kosa huingia hatarini. Kumbe ni damu ya zamani, nyeusi kama mafuta, iliyokaa chini ya fuvu. Ikitolewa kwa tundu moja au mawili, wazee wengi hurudiwa na maneno yao.

Katika habari hizo mbili, kipimo cha kwanza kilikuwa mdomoni mwa mgonjwa. Mwaka 1974 Madaktari Teasdale na Jennett wa Glasgow, Uskoti, walitunga hesabu ya kupima mtu aliyeumia kichwa, nayo yatumika duniani kote hadi leo. Hutazama mambo matatu: macho, maneno na mwendo wa viungo. Alama zote ni 15, na 5 ni za maneno. Anayejibu sawasawa hupata 5. Anayechanganyikiwa, 4. Anayetamka maneno yasiyopatana, 3. Anayeguna tu, 2. Asiyetoa sauti, 1. Mama asiyejua kusoma aweza kufanya hesabu hiyo kandokando ya mkeka.

Basi, mtu akipigwa kichwa, fanyeni hivi:

Mwulizeni jina lake, yuko wapi, amefikaje hapo. Mwulizeni kwa lugha yake ya nyumbani. Katika siku ya kwanza msimwache alale usiku kucha bila kumwamsha. Mwamsheni kila baada ya saa moja au mbili, na kila mara asemeshwe. Siyo kwamba usingizi wenyewe unaua, bali usingizi huficha ugonjwa.

Mpelekeni upesi, hata usiku, akianza kuchanganya maneno, akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kumwuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, akishikwa na degedege, au maji au damu ikitoka puani au sikioni.

Njiani mchukueni shingo yake ikiwa imenyoka na kushikwa. Akiwa hajitambui, mlazeni ubavu kwa kumgeuza mwili wote pamoja, ili matapishi yasimzibe koo. Msimpe pombe, wala aspirini, kwa maana huzidisha damu. Wala msimtie dawa yo yote puani. Msimlishe chakula kwa nguvu. Mtaalamu wa usingizi huogopa tumbo lililojaa kuliko kitu kingine, maana chakula chaweza kurudi na kuingia katika mapafu.

Aendaye naye awe mtu aliyeona ajali, anayejua saa yake, na anayesema lugha ya mgonjwa. Ndugu wa namna hiyo ni sehemu ya matibabu. Aseme: “Saa mbili alikuwa akijibu vizuri, saa nne alianza kutaja watu wasiokuwapo.” Sentensi hiyo moja yaweza kumwamsha daktari kitandani.

Kasongo ina sababu ya kulifahamu jambo hili. Kuanzia miaka ya 1970, kazi iliyofanywa hapo pamoja na Chuo cha Tiba cha Antwerp, Ubelgiji, iliwafundisha watu wa nchi nyingi jinsi vituo vidogo vya afya na hospitali moja vinavyoweza kuwa mwili mmoja: kituo humpokea mgonjwa, humpima, humpeleka mbele kwa barua. Mwili huo huishi kwa habari. Barua isiyosema mgonjwa alikuwa akisemaje saa aliyoondoka, imesahau jambo kubwa.

Na daktari akija kuwaambia kwamba ni lazima kutoboa fuvu kwa sindano ya ganzi, msikimbie na mgonjwa wenu kwa hofu. Ulizeni bila kuona haya: Nani atakayekaa kichwani pake? Amepimwa uzito? Ipo oksijeni? Nani atasema naye? Daktari mwema hachukii maswali hayo. Na yule muuguzi wa usingizi, ambaye jina lake hamtalikumbuka kwa kuwa hakushika kisu, mpeni salamu. Yeye ndiye atakayeinama sikioni pa babu na kumwuliza, kwa Kibangubangu au kwa Kizimba, wajukuu wake ni wangapi. Naye atangoja, mkono juu ya mshipa wa damu, mpaka asikie jibu.